Kigoda cha Pimbi

Niwape?
— Tupe!
Ni chungu hii.
— Tutameza!
Na mkiitema?
— Iturudie!

Haya, sogeeni. Wewe Makame, usisimame hapo mlangoni, ingia au toka, sipendi mtu anayenisikiliza kwa sikio moja. Na hayo mahindi endeleeni kuyapukuchua, mikono haina habari na maneno yangu.

Zamani, zamani sana, Simba alikufa. Akafa, akaoza, yakabaki meno. Wanyama wakakaa wakasema, "Mfalme tena hatutaki. Safari hii tutachagua wenyewe."

Wakachagua kwa mistari. Anayetaka kutawala anasimama juu ya jiwe jeupe. Wanaomtaka wanajipanga nyuma yake, mmoja nyuma ya mwenzake. Hatua mia tatu kutoka pale kimepigwa kigingi. Mstari wako ukipita kigingi, unatawala. Usipopita, hutawali. Hapo hakuna fumbo.

Akapanda Nyati. "Nipeni mimi! Nitawapa majani mpaka mvimbiwe!"

Wala majani wakajipanga nyuma yake, kwato kwa kwato.

Akapanda Fisi. "Nipeni mimi! Mnauona msitu ule wa Jicho? Swala wanajificha humo, na sisi tunalala njaa. Nitautia moto kutoka ukingoni mpaka katikati. Sitabakisha hata kijiti cha kuchokolea meno!"

Wala nyama wakajipanga nyuma yake, wanacheka kile kicheko chao mnachokijua.

Akapanda Pimbi.

Msicheke. Ninyi mnamwona pimbi ni kijinyama tu, kama panya aliyenenepa. Huyu alikuwa na jina lake, Sikudhani. Alikuwa yatima. Alilelewa na shangazi yake, Bi Kazija, juu ya mkuyu mkubwa ulio katikati ya msitu. Na chini ya mkuyu huo, kati ya mizizi, ndipo lilipokuwa Jicho. Nasema jicho la maji. Maji yanatoka ardhini yenyewe, baridi, masika na kiangazi. Nyati anakunywa hapo, Fisi anakunywa hapo, ndege anakunywa hapo. Mikuyu inalifunika Jicho lisipigwe na jua, na pimbi wanakaa juu ya mikuyu kuilinda. Ndiyo kazi yao tangu mababu.

Sikudhani akasema, "Mimi sina majani ya kugawa, wala nyama. Nina neno moja. Miti ya Jicho isiguswe. Ikiguswa tutakunywa vumbi."

Mstari wake ukawa hatua kumi na mbili. Pimbi wenzake, kobe wawili, ndege kadhaa, na konokono mmoja ambaye mpaka uchaguzi unakwisha alikuwa bado njiani.

Wakapima. Mstari wa Nyati ukaishia hatua tisa kabla ya kigingi. Wa Fisi ukaishia nyuma ya hapo kidogo. Hakuna aliyepita. Wanyama wakabaki wanatazamana.

Sasa Nyati alikuwa na karani wake, Nguchiro. Macho mekundu, miguu haitulii, mdomo laini kama siagi. Nguchiro akakimbia mpaka kwa Sikudhani, akampigia goti.

"Shikamoo, bibi."

Kwa umri Nguchiro ndiye mkubwa, lakini aliamkia. Mimi mtu mzima akiniamkia hivyo huwa nafunga mlango. Sikudhani hakufunga. Akaitika, "Marahaba."

"Bibi, sisi tumepungukiwa hatua tisa. Ninyi mna kumi na mbili. Mkija kusimama nyuma yetu tunapita kigingi. Nyati atatawala, na wewe utapewa kigoda barazani. Mlinzi wa Jicho. Hakuna atakayegusa mti pale bila wewe kuwepo."

"Na tukikataa?"

"Kataeni, bibi, ni haki yenu. Mistari itapangwa upya. Fisi yuko kule anakusanya kuni."

Sikudhani akasema, "Siwezi kujibu peke yangu. Lazima niwaulize wenzangu."

Na pimbi kuulizana kwao ni shughuli. Hawapigi kura wale. Wanakaa, kila mmoja anasema, mkubwa kwa mdogo, mpaka wote wawe na neno moja. Walianza umande haujakauka. Jua likafika utosini, bado wanasema. Wengine wakasema, "Nyati anakula majani, sisi tunakaa kwenye majani, tutapatana vipi? Tubaki nje tupige kelele." Wengine wakajibu, "Kelele tumepiga tangu enzi za babu. Nani katusikia? Simba alikuwa akilala kwa kelele zetu!" Jua likaanza kushuka, bado wanasema.

Mwishoni wakamgeukia Bi Kazija. Alikuwa mzee sana, miguu ya nyuma imekufa ganzi, kutoka kwenye tawi lake kwenda tawi la pili ilikuwa safari. Akasema, "Mimi siwezi tena kuhama. Fisi akiutia moto msitu, nitaungulia hapa hapa. Nenda, Sikudhani. Kaa na Nyati. Mradi mkuyu huu usimame."

Wote wakawa na neno moja. Wakaenda wakasimama nyuma ya Nyati, mstari ukapita kigingi kwa hatua tatu, ngoma zikapigwa. Sikudhani akapewa kigoda. Kidogo, cha miguu mitatu, mguu mmoja mfupi. Akakalia. Moyo wake ulijaa furaha, siwezi kusema uongo. Na nyinyi mngefurahi.

Lakini sikilizeni walichokosea hawa.

Baraza lile lilikuwa na desturi yake, ya tangu enzi za Simba. Nyati aliijua, Fisi aliijua, hata punda milia asiye na kazi aliijua. Pimbi hawakuijua, kwa sababu pimbi tangu dunia iumbwe hawajawahi kukaa barazani. Siku nzima waliulizana kila kitu, wakaulizana mpaka kigoda kitakuwa cha mti gani. Hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Huko barazani mambo yanakwendaje?"

Nguchiro alimwambia Sikudhani desturi hiyo baada ya kukaa. "Bibi, humu ndani bishaneni mpaka koo zikauke. Lakini likishaamuliwa, sauti ni moja. Mmoja wetu atapanda kichuguu kuwatangazia wanyama. Na anayetangaza ni yule aliyekataa."

"Aliyekataa? Kwa nini yeye?"

"Ili wanyama waone hata yeye amekubali."

Sikudhani akasema moyoni, haidhuru, nitakuwa nashinda.

Ikafika siku ya kwanza.

Nyati akasema, "Ndama wetu wamezidi, malisho hayatoshi. Upande wa mashariki wa msitu ukatwe, paote majani."

Sikudhani akaruka kutoka kigodani. "Bwana mkubwa, tulikubaliana!"

"Tulikubaliana Jicho lisiguswe. Mashariki ni Jicho?"

"Ni msitu wa Jicho!"

"Ni ukingo tu."

Wakabishana. Wakahesabu mikono. Tisa wamekubali, mmoja amekataa. Nguchiro akamsogelea sikioni. "Bibi, unaweza kuondoka. Ni haki yako. Fisi yuko kule anakusanya kuni. Ila kabla hujaondoka, nimekuombea jambo kwa Nyati. Ukitangaza hili, itatungwa sheria nyati wasigaagae tena kwenye maji ya Jicho."

Lo! Sheria hiyo pimbi walikuwa wakiililia miaka na miaka. Nyati wakigaagaa maji yanakuwa tope siku tatu. Sikudhani akapiga mahesabu. Ukingo kwa maji safi. Akapanda kichuguu.

Wanyama wakakusanyika. Akasema, "Baraza limeamua. Upande wa mashariki ukatwe." Sauti ilimtoka nyembamba.

Wanyama wakaambiana, "Ikiwa Pimbi mwenyewe kasema ukatwe, basi hakuna ubaya." Tembo wakasukuma, nyati wakapiga pembe, miti ikalala. Mpaka jioni mashariki ilikuwa peupe.

Pimbi wa mashariki wakahamia kwa ndugu zao. Wakabanana, wawili wawili kwenye tawi moja.

Sasa niwaambie mwito wao. Kila asubuhi Bi Kazija alikuwa akilia kutoka juu ya mkuyu wake, "Mpo?" Wa mti wa pili anaitika, "Tupo!" naye anampigia wa mti wa tatu, "Mpo?" Hivyo hivyo, mti kwa mti, mwito unazunguka msitu wote mpaka unamrudia Bi Kazija. Ukimrudia, wanajua msitu ni mzima, wanashuka kula. Zamani mwito ulikuwa ukirudi jua limeshapanda.

Baada ya kukatwa mashariki, mwito ukarudi mapema. Pimbi wakafurahi! Wakarukaruka. "Mmesikia? Umerudi haraka! Tumekuwa kitu kimoja kuliko zamani! Kigoda kimetuunganisha!"

Bi Kazija peke yake hakuruka. Akasema, "Umerudi haraka kwa sababu njia imekuwa fupi."

Wakamwambia, "Shangazi, uzee."

Eeh. Nyinyi mnaguna sasa. Mngekuwa pale mngeruka nao.

Ikafika siku ya pili.

Nyati akasema, "Kwenda kwenye magadi kulamba chumvi tunazunguka msitu kutwa nzima. Watoto wanachoka. Tupasue njia katikati."

Sikudhani akaruka tena. "Katikati? Bwana mkubwa, katikati ndiko kwenye Jicho!"

"Njia itapita kando ya Jicho. Kando. Upana wa nyati kumi tu."

Wakabishana. Mikono tisa ikakubali, mmoja ukakataa. Na Nguchiro akasogea sikioni. "Kataa, bibi. Ondoka. Fisi yuko kule anakusanya kuni, jana nimemwona, rundo limefika kimo cha twiga. Ila nimekuombea tena jambo. Ukitangaza, kila mnyama atapanda mche mmoja. Kila mnyama! Utapata miti mingi kuliko inayokatwa."

Sikudhani akarudi kwanza kwa wenzake. Wakaulizana tangu asubuhi. Vijana wakamjia juu, "Rudisha kigoda! Tuondoke leo!" Wazee wakasema, "Tukiondoka nani atasimamia ile sheria ya kugaagaa? Maji ni safi sasa, au si safi?" Maji kweli yalikuwa safi. Mmoja akasema, "Afadhali tuwepo ndani tupunguze ubaya." Neno hilo likawapendeza. Likapita mti kwa mti, tupunguze, tupunguze, mpaka jioni likawa neno la wote.

Bi Kazija akamwuliza Sikudhani, "Mwanangu, unalala?"

"Silali, shangazi."

"Unakula?"

"Hakipiti."

"Na bado utapanda kichuguu?"

"Nisipopanda, Fisi atakuchoma moto hapo ulipo. Unataka nifanye nini?"

Mimi ninayesimulia sina jibu, msinitazame hivyo.

Akapanda kichuguu mara ya pili. "Baraza limeamua. Njia ipasuliwe." Safari hii hata hakumaliza maneno, tembo walikuwa wameshaanza kuondoka kwenda kazini. Walimwona amepanda, wakajua.

Njia ikapasuliwa. Na miche ikapandwa, tusiwasingizie. Kila mnyama alipanda mmoja, kwenye uwanja mweupe wa mashariki, juani. Sheria ilisema ipandwe. Kuimwagilia haikusema, wala haikusema swala wasiile. Wiki ya kwanza ilikauka nusu, nusu nyingine ikaliwa. Sikudhani akaenda kulalamika, Nguchiro akamfungulia sheria akamsomea neno kwa neno. Imepandwa, bibi. Sheria imetimizwa.

Mwito wa asubuhi sasa ulikuwa ukirudi Bi Kazija hata hajafunga mdomo.

Ndipo kikaja kiangazi. Si kiangazi cha kawaida. Jua lilikaa juu ya lile eneo lililokatwa, likashuka kwenye ile njia, likafika mpaka kwenye maji. Jicho likaanza kupungua. Likawa la kufika magotini. Likawa la kufika kwatoni. Wanyama wakawa wanapanga foleni kunywa, na kwenye foleni wakaanza kusukumana, na kwenye kusukumana ndama wawili wakakanyagwa wakafa.

Ikafika siku ya tatu.

Nyati alikuwa amekonda. Ndama mmoja kati ya wale wawili alikuwa wake. Akasema, na sauti yake haikuwa ya kiburi, ilikuwa ya mzazi, "Maji yanakwisha. Nimeuliza yanakwenda wapi. Nimeambiwa mikuyu inayanywa. Mizizi yote ile imezama Jichoni, inanyonya usiku na mchana. Ikatwe. Yote."

Nani kamwambia? Nguchiro alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe.

Sikudhani hakuruka. Alisimama taratibu. "Bwana mkubwa, nakupa pole ya mwanao. Lakini nakuomba unisikilize, hata kama hujawahi kunisikiliza. Mikuyu haiyanywi maji, inayafunika. Tulipokata mashariki jua liliingia. Tulipopasua njia likaingia zaidi. Ukikata na hii iliyobaki, Jicho litafumba. Hata mwanao mwingine atakufa."

Nyati akamtazama kwa uchungu. "Mashariki nani alitangaza ikatwe?"

Wajumbe wakamgeukia Sikudhani.

"Njia nani alitangaza ipasuliwe?"

Sikudhani akakitazama kigoda chake.

"Siku zile kukata hakukuwa na ubaya, leo kuna ubaya. Au ni kwa sababu mti wa leo ni wa shangazi yako?"

Wajumbe wakacheka. Sikudhani machozi yakamtoka mbele yao wote. Mikono tisa ikakubali. Nguchiro akasogea. "Bibi, safari hii sina cha kukuombea. Ni kichuguu au ni mlango. Fisi yuko kule na kuni zake."

Sikudhani akatoka. Hakwenda kuwauliza wenzake. Kwa mara ya kwanza pimbi akakata shauri peke yake. Akasema, leo nitapanda kichuguu, na kutoka hapo juu nitasema hapana. Nitasema kwa sauti ambayo hata mawe yataisikia. Fisi na aje, liwalo na liwe, lakini mimi nimekwisha.

Je, alifanya vizuri? Mnasema vizuri? Ngojeni.

Akaenda mbio kwenye kichuguu. Akapanda. Wanyama walikuwa wamejaa uwanjani, wenye kiu, ndimi nje. Tembo mbele. Nyati nyuma ya tembo. Sikudhani akasimama juu kabisa, akavuta pumzi.

Tembo wakamwona Pimbi juu ya kichuguu. Wakageuka, wakaenda kukata.

"Hapana!" akapiga kelele Sikudhani. "Hapana! Msikate! Sikukubali! Sikukubali tangu mwanzo!"

Nani asikilize? Mara mbili wamemwona amepanda hapo, na mara mbili ikawa ni kukata. Hawakungoja tena maneno yake. Nyayo za tembo zilikuwa zinanguruma, vumbi limepanda, pembe zinagonga magogo, na ndani ya kelele zile kuna sauti moja nyembamba, hapana, hapana, hapana. Aliye karibu akamwambia jirani yake, "Pimbi anasemaje leo?" Mwenzake akajibu, "Si yale yale, anatangaza."

Akashuka. Akakimbia mpaka miguu inatoka damu. Alipofika, mikuyu midogo ilikuwa imelala yote. Ule mkubwa ulikuwa umeinama. Akapiga kelele, "Shangazi! Shuka!" Lakini Bi Kazija kushuka hawezi, nimewaambia, tawi kwa tawi ni safari. Tembo watatu wakaegemeza vichwa. Mkuyu ukalia, ukaanguka taratibu, matawi yakaupokea mwili wa yule mzee, na aliponyanyuliwa kutoka kwenye majani alikuwa hai. Amevunjika mkono. Lakini hai.

Na Jicho? Jua liliingia siku hiyo hiyo. Siku ya saba Jicho lilikuwa tope. Ndama wengine wakafa, na safari hii hakuna aliyewahesabu.

Baraza likavunjika. Mistari ikapangwa upya kwenye lile jiwe jeupe. Nyati akapanda, wala majani nusu hawakuja, walikuwa wamehama kutafuta maji. Fisi akapanda, mstari mrefu. Sikudhani akapanda, akageuka nyuma kutazama.

Waliompenda walisema, "Ametukatia msitu, tulimsikia kwa masikio yetu." Waliomchukia walisema, "Ametutoroka barazani wakati wa kiu." Pimbi wenzake walikuwa wamekwenda majabalini kutafuta makao mapya. Nyuma yake alikuwepo Bi Kazija tu, aliyembeba mwenyewe mgongoni mpaka pale, amelala chini, kwa sababu kusimama hawezi. Mstari wa hatua moja.

Fisi hakungoja mistari ipimwe, akaenda msituni na kuni zake na moto wake, kama alivyoahidi. Alipofika akakuta visiki. Mashariki visiki, katikati visiki, kwenye Jicho visiki. Akaweka kuni chini. Akazunguka, akanusa, akacheka mpaka akakaa.

"Jamani! Nani kanimalizia kazi? Mimi ningechoma kwa mwezi mzima na moshi ungeniua macho!"

Ubavuni kwake nani alikuwa amesimama? Nguchiro. Macho mekundu, miguu haitulii. Karani ni karani, Nyati akitoka yeye hatoki.

Basi hadithi ingeishia hapo ingekuwa afadhali. Haikuishia hapo. Mstari wa Fisi ulipopimwa, ulifika kwenye kigingi, ukagusa, haukupita. Umepungukiwa hatua moja.

Nguchiro akakimbia mpaka kwa Sikudhani. Alimkuta kwenye kisiki cha mkuyu, anamfunga shangazi yake mkono kwa kamba ya mgomba. Akapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

Sikudhani hakuitika.

"Bibi, sisi tumepungukiwa hatua moja. Kigoda chako kipo, hakijakaliwa na mtu. Mlinzi wa Jicho."

"Nilinde nini? Jicho limefumba."

Nguchiro akaonyesha kwa kidole. Chini ya kisiki, palipokuwa kivuli kidogo cha ule mzizi mkubwa, palikuwa na unyevu. Kiasi cha kiganja. Tope lenye ubaridi. "Pale," akasema. "Fisi anataka kupafanya pa kutupia mifupa. Ukiwepo barazani, utasema. Usipokuwepo, nani atasema? Labda pakitunzwa, maji yatarudi. Sijui. Wewe ndiye unajua mambo ya miti."

Sikudhani akatazama ule unyevu. Akaupapasa, akaramba vidole. Ulikuwa maji kweli.

Mnataka asemeje? Wewe Makame, ungesemaje? Useme hapana, pale patupwe mifupa, Jicho life kabisa, na wewe ubaki na hapana yako mkononi? Au useme ndiyo, ukae na fisi? Hata mahindi mmeacha kupukuchua.

Sikudhani akamgeukia shangazi yake. "Shangazi, bado kuna maji kidogo."

Bi Kazija akasema, "Nimeona."

"Nikiwa ndani naweza kupunguza."

Bi Kazija akajigeuza kwa tumbo, akaanza kujivuta kuelekea majabalini, yeye ambaye mwaka mzima hajavuka tawi. Mkono mmoja unafanya kazi, miguu inaburuzwa. Aliacha mchirizi kwenye vumbi.

Sikudhani akamfuata mbio. "Shangazi, ngoja! Ngoja nikubebe!"

Bi Kazija akasimama. Hakuwa amekasirika. Akamfuta mwanawe tope mdomoni, kama alivyokuwa akimfuta alipokuwa mdogo.

"Una kikao, mwanangu," akasema. "Usichelewe."

Mwenye kusema amesema.
— Tumesikia!
Na aliyesikia?
— Asikatae kuwa alikuwepo!
Basi kila mtu na kigoda chake kwao.